Kijana Asiyepiga Hodi

Nilisikia mabuti kabla sijaona kitu chochote. Pah, pah, kimya kidogo, kisha pah ya mwisho, kali kuliko mbili za kwanza. Mtu alikuwa nje amevua mabuti ya mpira, anayagonga ukutani ili tope la machimbo lidondoke kabla hajaingia. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake na dirisha lilikuwa bado jeusi. Nusu yangu ilikuwa usingizini, na hiyo nusu ikafanya kile ilichozoea kufanya tangu nilipokuwa mdogo: ikatabasamu ndani ya shuka na kusema, baba amefika.

Kisha nikaamka mzima. Baba tulikuwa tumemzika mvua zilipoanza, na sasa mvua zilikuwa zinakaribia kwisha.

Aliyekuwa nje ni kaka yangu. Nyumbani nilimwita Yaya tu, kama mdogo yeyote wa Likasi anavyomwita aliyemtangulia kuzaliwa. Alinizidi mwaka mmoja. Mabuti yalikuwa ya baba na yalimpwaya, akawa anajaza vitambaa mbele ya vidole yasimtoke njiani. Lakini ule ugongaji wake, mbili halafu moja, hakuna aliyemfundisha, na nilidhani hata yeye hakujua kwamba anao. Katika chumba cha pili nilisikia kitanda cha mama kikilia, kisha kikanyamaza. Naye alikuwa amesikia. Labda naye alikuwa ametabasamu, kwa muda ule ule mfupi.

Mlango wetu ulikuwa umelegea kwenye bawaba, ukawa unakwaruza saruji kwa kelele ya kuamsha jirani. Baba alikuwa akiushika kwa kitasa na kuunyanyua kidogo, nao ukafunguka kimya. Mimi na mama tulisahau kila mara. Yaya hakusahau. Aliingia bila sauti, akasimama gizani akinuka udongo mbichi na jasho.

"Mumeamka?"

"Maji iko mu ndoo," mama akajibu kutoka chumbani. "Jioshe, ulale."

Hivyo ndivyo tulivyozungumza miezi ile. Maji, ndoo, makala ya kupikia yameisha, bukari, ugali wetu, imebaki kwenye sufuria. Maneno yalikuwepo ya kutosha kuendesha nyumba. Baba hakuwemo katika hata moja.

*

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa fasihi alituletea kitabu. Alikuwa mzee wa Kikatoliki aliyevaa koti hata jua linapochoma, na kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu, cha zamani, kimepoteza jalada. Alitoa fotokopi sura kwa sura, tukawa tunasoma watatu watatu kwenye benchi moja, anayemaliza kwanza akiwasubiri wenzake kwa kuwacheka.

Ni riwaya inayosimuliwa na kijana wa umri wetu. Ametoroka bweni la shule, anazurura katika mji mkubwa wa nchi ya baridi, analala popote, anawadanganya watu kuhusu jina lake, anawakejeli wote: walimu, polisi, wanandoa wanaoshikana mikono, mwendesha tramu mwenye masharubu. Wanasema ni kitabu ambacho vijana wengi wamejiona ndani yake. Mimi sikujiona. Nilimchukia tangu ukurasa wa kwanza.

Nilimchukia zaidi kwa jambo moja. Tena na tena kijana huyu anarudi kwenye nyumba ya mama yake. Anapanda ngazi hadi mlangoni. Ndani kuna taa, anasikia vikombe vikigongana, anasikia mama yake akikohoa. Anainua mkono apige hodi, anaushusha, anashuka ngazi, anaondoka. Halafu anaanza tena kumtukana mtu yeyote anayepita. Nilikuwa nikisoma mahali pale na kuuma meno. Una mama, una nyumba yenye taa, una mlango. Unataka nini zaidi?

Darasa zima lilikuwa upande wangu.

"Prof, huyu mutoto alikosa fimbo tu," alisema kijana wa benchi la mbele, na watu wakacheka.

"Si fimbo," akajibu msichana wa nyuma. "Alikosa kazi. Bamutume Kakontwe apasule mawe siku moya, utaona kama atabaki na muda ya kutukana bantu."

"Na ile mikono yake laini? Asubui tu atalia!"

"Alie basi! Tangu tulianza kitabu hajalia hata kidogo. Anacheka tu, anacheka tu, mupaka inachokesha."

Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Akasimama. "Weye wa nyuma. Umesema nini?"

"Minye? Nilisema anacheka tu, Prof. Samahani."

"Kabla ya ile."

"Nilisema... hajalia."

Mwalimu aligeukia ubao. Aliandika ubaoni swali moja, akalisoma mara mbili polepole ili wa nyuma waandike: Huyu kijana anataka nini? Kisha akageuka. "Si kile anachosema. Kile anachotaka. Mutaniletea siku ya Mungu ikipita."

*

Jioni nilikaa sakafuni na tochi, mgongo ukutani. Yaya alikuwa amelala chali kwenye mkeka, mkono juu ya macho. Hata baada ya kuoga alikuwa na vumbi kwenye nyusi, lile vumbi la kijani la machimbo ya shaba ya Kamatanda ambalo maji peke yake hayaliwezi. Baba naye alikuwa nalo. Tulipokuwa wadogo tulidhani nyusi za wanaume wote huwa za kijani.

"Unasoma nini, mademoiselle ya bitabu?"

"Kazi ya masomo."

"Soma na sauti."

"Ni Kifaransa."

"Na minye nilisomea ku nini, ku soko? Soma. Fasi nitashindwa, utaniambia mu Kiswahili."

Alikuwa ameacha shule wiki mbili baada ya mazishi. Hakuaga. Asubuhi moja alivaa mabuti badala ya viatu vya shule, akapanda pikipiki na wachimbaji wa mtaa wetu, akaenda kwenye machimbo yale yale yaliyomfunika baba. Mama alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Yeye alikuwa akirudi, akiweka fedha mezani, akila, akilala, na usiku ukiingia akienda tena.

Nikamsomea. Matusi yalimfurahisha. "Huyu ananipendeza," alisema. "Anatukana muzuri, kama bantu ya kule kwetu ku shimo." Alicheka sana mahali pa mwendesha tramu, hadi mama akauliza kutoka nje tunacheka nini, tukajibu hakuna kitu. Lakini nilipofika kwenye ngazi, kwenye vikombe na kikohozi cha mama na mkono unaoinuliwa kisha unashushwa, akaondoa mkono machoni.

"Rudilia pale."

Nikarudia.

"Tena."

Nikarudia tena, kisha nikafunga karatasi. "Minye huyu mutoto ananikasirisha, Yaya. Mama yake iko pale pale. Juu ya nini hapigi hodi?"

Alitazama bati la juu. Lilikuwa na tundu dogo, na siku zote alitazama pale alipokuwa anafikiri.

"Akipiga hodi, mama yake atafungula. Atamuambia, oh mutoto yangu, ingia. Atamupa chakula. Kisha atamupa shuka safi. Na kila kitu itakuwa sawa."

"Si njo muzuri?"

"Njo mubaya yenyewe," alisema. "Itakuwa sawa."

Akageukia ukuta. Nilidhani amelala. Mimi nikarudi kwenye karatasi, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nilikuwa nimekipita. Katikati ya ukurasa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kijana wa kitabuni anasema kwamba bibi yake aliyemlea alikufa majira yale ya baridi. Sentensi moja. Halafu anaendelea na masharubu ya mwendesha tramu.

*

Ni lazima nieleze jinsi tulivyomzika baba, la sivyo kaka yangu ataonekana kama alivyoonekana kwa watu wa mtaa, kijana mkaidi tu.

Kwetu mtu akifa, kilio kinawekwa uani. Watu wanafunga hema la plastiki, wanawasha moto wa kuni, na ndugu wanalala chini, nje, juu ya mikeka. Wanalala siku nyingi. Wanapika, wanakunywa chai, wanacheza karata, wanamsimulia marehemu, anatokea mmoja anakumbuka alivyoanguka kwenye mfereji siku ya harusi yake, wote wanacheka, halafu ghafla mtu anaanza kulia na wengine wanamfuata. Hakuna anayemwambia mwenzake anyamaze. Ndivyo upande wa baba, Wakatoliki wote, walivyowalilia watu wao.

Lakini mama alikuwa ameokoka, na katika kanisa letu kilio kirefu kilikuwa ni kumlaumu Mungu. Tulifundishwa hivyo: anayelala nje kwa ajili ya maiti anafungua mlango kwa roho ya mauti, nayo ikishaingia katika nyumba haiondoki na mmoja. Tulimzika baba mchana, tukaimba nyimbo za furaha, na jioni uani kwetu kulikuwa kumefagiliwa.

Dada ya baba alifika akiwa na mkeka kichwani. Alikuta ua mtupu.

"Moto iko wapi?" aliuliza.

"Hakuna moto, wifi," mama alisema. "Sisi tunamushukuru Mungu tu."

"Kaka yangu analala mu udongo leo, na hakuna muntu hata moya atalala inje kwa ajili yake? Ni mbwa?"

"Usiseme vile mbele ya batoto."

"Nitasema mbele ya nani? Yeye hayuko tena ya kusikia!"

Alilia akiwa amesimama barabarani, mkeka bado kichwani, kisha akaenda. Yaya alikuwa mlangoni akiona yote. Giza lilipoingia alichukua mkeka wake, akautandika kando ya ukuta, mahali baba alipokuwa akikaa kuvua mabuti, akalala. Mama akatoka. Hakumgombeza. Aliinama, akamshika bega, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Baba yangu, unataka na weye uende? Unataka kuniacha na nani?" Mtoto wa kiume kwetu mama humwita baba anapomwomba kitu. Yaya akaamka. Mama akakunja mkeka, akaingiza ndani. Wote tukalala vitandani mwetu, ndani, macho makavu, watu wa Mungu.

Mama hakufanya hivyo kwa ugumu wa moyo. Nilimwona mara moja, akifua shati la baba la mwisho ambalo halikuwa chafu, amejaza kona ya kitenge mdomoni ili sauti isitoke. Aliamini kwamba chozi lake linaweza kumuua mwanawe. Ukiamini hivyo, utafanya nini?

*

Alhamisi ile nilimuuliza Yaya kwa nini anachimba pale pale. Kulikuwa na machimbo mengine. Kuna wenzake waliokwenda mbali zaidi.

Alikuwa anakula, akimega bukari taratibu. Alihakikisha mama yuko mbali.

"Kule banamuita," alisema.

"Banamuita nani?"

"Baba. Banamusemaka. Kila siku. Kuko muzee moya pale, akishuka anasema, tupite polepole, njia hii alifungula fulani. Wengine banarudilia mambo alikuwa anachekesha. Ulijua baba alikuwa anaigaka muntu wa bei, yule anapimaka mawe na anaibiaka bantu? Anatembea kama yeye, tumbo mbele?" Akasimama, akalitoa tumbo lake lisilokuwepo, akatembea hatua mbili chumbani. Alikuwa baba kabisa. Nilicheka hadi nikashika mdomo.

Akakaa. "Hapa nyumbani nikisema jina yake, mama anaanza kuomba. Basi naenda kule bantu banasema."

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa kaka yangu. Mama aliona roho inayomvuta mwanawe shimoni. Ilikuwa ni njaa tu, ya kusikia jina.

Jumamosi nilijaribu kumwambia mama. Alikuwa anapepea jiko, uso wake umeng'aa. Alikuwa na habari. Shemasi mmoja wa kanisa, mwenye gereji karibu na soko, alikuwa amekubali kumchukua Yaya afundishwe ufundi kuanzia Jumatatu. Angetoka shimoni. Angelala nyumbani. Jambo moja tu lilitakiwa: Jumapili asimame mbele ya kusanyiko, atoe ushuhuda, aseme Mungu amemfungua, apokee wokovu.

"Alikubali?" niliuliza.

"Alisema, kama unataka, mama."

"Mama, mu kitabu ya masomo kuko mutoto moya..."

"Kitabu gani tena?"

"Sikiliza kidogo. Iko anasumbua bantu, anatukana, anatoroka. Bote banafikiri ni mubaya. Lakini bibi yake alikufa na hakuna muntu alikaa naye chini. Njo kile tu anataka. Muntu akae naye chini."

Mama aliacha kupepea. Kwa kitambo kifupi nilidhani amenisikia. Alinitazama kama mtu anayetazama ng'ambo ya mto na kuona anayemjua.

"Ile ni ya bazungu," alisema mwishowe, bila ukali. "Bao hawana kanisa kama yetu ya kubasaidia. Yaya yako atakuwa muzuri kesho. Leta chumvi."

Usiku ule niliandika jibu langu la mwalimu. Sikumaliza nusu ukurasa.

*

Kanisa letu lilikuwa bati na mbao, na viti vya plastiki vilivyokopeshana miguu. Yaya alikuwa amevaa shati jeupe la baba. Nyusi zilikuwa zimesuguliwa, hakuna kijani. Walipomwita alitembea mbele, mabega yameinama kidogo, akapokea maikrofoni. Mama alikuwa kando yangu, kiganja chake kimenishika paja.

"Bwana asifiwe," alisema Yaya.

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena."

"Amina!"

Mpiga kinanda akagusa noti mbili za kumtia moyo. Niliona anatafuta kitu juu, nikajua anatafuta tundu la bati, lakini lile lilikuwa bati la nyumbani, halikuwa hapa.

"Baba yangu," alisema.

Mkono wa mama ulikaza.

"Baba yangu alikuwa anagongaka mabuti ku ukuta. Kila asubui. Mbili, kisha moya. Na minye nalala kando ya ule ukuta. Ilikuwa inaniamusha. Siku moya nilimuambia, baba, uende kugonga kule mbali, minye niko na masomo. Hakukasirika. Alisema, ndiyo, chef, mukubwa yangu. Tangu ile siku alikuwa anagongaka kule mbali, ku muti ya avoka. Kila asubui. Mupaka asubui ya mwisho alienda kugonga kule mbali, mu mvua, sababu ya minye."

Mimi sikuwa nimejua. Nililala chumba kile kile na sikuwa nimegundua kwamba mlio ulihama ukutani. Sasa nikaelewa ni kitu gani kaka yangu alikuwa akikirudisha alfajiri zote zile.

Kisha sauti ikamtoka. Haikuwa sauti ya mvulana wala ya mwanaume. Ilitoka chini sana, kama kitu kizito kinachovutwa kwa kamba, na mabega yakaanza kutikisika, na machozi yakashuka waziwazi, ya miezi yote. Analia, niliwaza. Mungu wangu, hatimaye analia. Mtu asimame, aende akae naye.

"Amefunguliwa!" mchungaji alipaza sauti. "Pigia Bwana makofi!"

Ngoma zikalipuka. Kinanda kikaingia. Watu wote wakasimama, wakaruka, viti vikaanguka, wanawake wakapiga vigelegele, wimbo wa ushindi ukapanda hadi bati likatetemeka. Kwao haikuwa dhihaka. Walikuwa na furaha ya kweli, walimpenda, waliona minyororo inakatika mbele ya macho yao. Na mama, mama yangu, aliniachia paja akasimama naye akapiga makofi, uso umelowa, akicheka na kulia pamoja, kwa sababu mwanawe ameokoka na hatakufa.

Yaya alikuwa bado ameshika maikrofoni. Mdomo wake ulikuwa bado unasema. Alikuwa hajamaliza. Alimtazama mama akipiga makofi, akaendelea kidogo, kisha akaacha. Alifuta uso kwa mkono wa shati la baba, akaweka maikrofoni juu ya kiti taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Sijui sehemu ya mwisho ilikuwa nini. Nimeiandika mara nyingi tangu siku ile, kwa namna nyingi, na zote najua si yenyewe.

*

Miaka imepita, na nimekisoma kile kitabu tena mara kadhaa. Katika vikao vya Lubumbashi, tunapokutana sisi vijana tunaoandika, mara kwa mara mtu anamtaja yule kijana, na wanabishana: ni mwasi, ni mgonjwa, ni mvivu wa kitajiri, ni sauti ya kizazi. Mimi huwa nanyamaza. Nikisema, nitasema kwamba yupo Kamatanda, na wataniona nimechanganyikiwa.

Maana Yaya hayuko mbali. Kwa pikipiki unafika kabla hujamaliza kuzungumza na dereva. Anaishi kambini na wachimbaji wenzake, anatuma fedha kupitia simu, akipiga anauliza kama makala yapo na kama mama anameza dawa zake. Mama anamwambia mambo ya maji na umeme. Hajarudi kulala nyumbani. Mwanamke anayeuza makala kwenye kona ametuambia zaidi ya mara moja: mutoto yenu alikuwa hapa jana jioni. Alisimama pale, akaangalia kwenu, nikamuambia, ingia basi, akacheka tu, akanitania juu ya bei yangu, akaenda.

Jirani mmoja fundi alitaka kuturekebishia bawaba bure. Mama alikataa. Alisema mlango uko sawa vile ulivyo, na akaingia ndani haraka.

Lakini Jumapili ile alikuwa bado ni wetu. Tulirudi kutoka kanisani, mama akachinja kuku. Waumini walipita kutupongeza, wakamshika Yaya kichwa, wakamwita ndugu. Alijibu vizuri wote. Alikula, akamwambia mama, "Kuku iko muzuri sana," na mama akamwongezea paja la pili bila kuuliza. Walipoondoka watu, mama aliingia chumbani kwake kushukuru. Tulimsikia akiomba kwa sauti ya chini, jina la Yaya, jina langu, jina la Yaya tena.

Mimi nilikuwa naosha sahani kwenye beseni. Yaya alikunja shati la baba, akaliweka juu ya kitanda. Akavaa fulana yake, akatia suruali na mkeka kwenye mfuko wa plastiki. Ni mkeka ndio ulionifanya niache sahani.

"Unaenda wapi?"

"Kule."

"Na gereji? Kesho?"

"Umuambie muzee wa gereji, merci." Akachuchumaa karibu yangu, akachovya kidole kwenye povu, akanipaka puani kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. "Yule mutoto ya kitabu. Mwisho, alipiga hodi?"

Nilikuwa nimemaliza sura ya mwisho usiku wa jana. "Hawasemi. Kitabu inaisha, iko bado ku ngazi."

"Mama yake hakufungula?"

"Hakujua kama iko pale."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la hesabu na halimshangazi. "Uandike vile kwa Prof wako," alisema. "Utapata maksi."

"Yaya, baki. Tutalala inje leo. Minye na weye. Nitaleta mukeka yangu. Mama akikataa, akatae."

Alinitazama kwa upole ambao sijausahau. "Atatoka tu, atakuja kutushika ku bega," alisema. "Na minye nitaamuka tena."

Mama akaita kutoka chumbani, "Ni nani anatoka?"

"Ni minye, mama," Yaya akajibu.

"Usikawie. Kesho ni mapema."

"Ndiyo, mama."

Mabuti yalikuwa nje kando ya ukuta, yamekauka, hayakuwa na tope la kugongwa. Aliyavaa akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye fremu. Mama alikuwa bado anaomba. Yaya alisikiliza kidogo, kichwa kimeinama, jina lake lilipopita. Kisha akakishika kitasa, akaunyanyua mlango kidogo, nao ukafungwa nyuma yake bila sauti.